Magari ya kasi: mnunuzi anapewa zawadi, lakini nani anabaki na usukani?

Mtu anayenunua gari jipya la kasi nchini Marekani au Ulaya siku hizi hapewi ufunguo na karatasi tu. Anaweza kupewa siku mbili za shule ya udereva kwenye uwanja wa mbio, matengenezo ya bure kwa miaka saba, ziara ndani ya kiwanda, pamoja na kadi ya uanachama katika chama cha wenye magari kama lake. Makampuni yanaziita zawadi hizo shukrani kwa mteja. Lakini ukisoma masharti yanayofuatana nazo, unakuta kwamba zingine zinamsaidia kweli mwenye gari, na zingine zinamfunga kwa kampuni hata kiisha kulipa bei yote.

Swali hilo limeongezeka uzito tangu mwaka wa 2025. Mwezi wa nne mwaka huo, Marekani ilianza kutoza ushuru mpya wa asilimia 25 juu ya magari yanayotoka nje. Kwa magari ya Umoja wa Ulaya ushuru huo ulishushwa baadaye hadi asilimia 15. Ferrari ya Italia ilitangaza kupandisha bei ya baadhi ya magari yake hadi asilimia 10. Porsche ya Ujerumani, iliyokabidhi wateja magari 310,718 mwaka wa 2024, iliondolewa mwezi wa tisa 2025 katika DAX, orodha ya makampuni 40 makubwa ya soko la hisa la nchi hiyo. Wakati biashara inapokuwa ngumu, mteja aliyekwisha kununua mara moja anakuwa mali ya kulindwa. Kila kampuni inatafuta namna ya kumuweka karibu ili gari lake la pili na la tatu litoke katika duka lilelile.

Shule ndiyo zawadi yenye maana

Zawadi ya kwanza ya kuangalia ni ile inayohusu uhai wa dereva. Magari haya yamepata nguvu ambazo miaka ishirini iliyopita zilikuwa za magari ya mashindano peke yake. Chevrolet Corvette ZR1, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi wa saba 2024, ina nguvu za farasi 1,064. Hakuna polisi wala ofisi ya serikali inayomuuliza mnunuzi kama amewahi kuendesha kitu cha namna hiyo. Permi yake ya kawaida, ileile ya kuendeshea gari dogo la kwenda sokoni, inatosha.

Ndiyo maana General Motors, mama wa Chevrolet, inagharamia sehemu kubwa ya masomo ya mnunuzi wa Corvette mpya. Masomo yanafanyika Spring Mountain, karibu na mji wa Pahrump katika jangwa la Nevada, kwenye shule yenye jina la Ron Fellows, dereva wa Kanada aliyeshindania Corvette katika mbio nyingi. Kwa siku mbili mwanafunzi anafundishwa namna ya kukaa kwenye kiti, macho yaangalie wapi, breki ikanyagwe wapi kabla ya kona, na afanye nini gari linapoanza kuteleza nyuma. Sharti moja limewanyima wengi nafasi hiyo: masomo lazima yafanyike ndani ya mwaka mmoja tangu gari lilipokabidhiwa. Anayengoja mpaka apate likizo nzuri anakuta mlango umefungwa.

Makampuni mengine ya Marekani yamefuata njia hiyo. Dodge humpa mnunuzi wa magari yake yenye nguvu zaidi siku moja katika shule ya Radford, jimbo la Arizona. Ford ilikuwa ikiwaalika wenye Shelby GT350 kwenye uwanja wa mbio wa Utah kwa siku moja bila kulipa masomo, ijapo safari na malazi vilikuwa juu yao wenyewe.

Mfano unaogusa watu wengi zaidi unatoka Toyota, maana gari lake la GR86 si la matajiri. Bei yake Marekani ni karibu dola elfu 30, kiasi ambacho mfanyakazi wa kawaida kule anaweza kukopa na kulipa polepole. Anayelinunua jipya anapewa uanachama wa mwaka mmoja katika National Auto Sport Association, chama cha michezo ya magari ambacho kifupi chake, NASA, kinafanana na cha shirika la anga bila uhusiano wowote. Anapewa pia siku moja ya bure ya kuendesha kwenye uwanja wa mbio, mwalimu akiwa amekaa pembeni yake. Hapo kampuni imefanya jambo la busara: badala ya kujenga chama chake yenyewe, imemkabidhi mteja kwa chama ambacho tayari kipo, chenye walimu na kanuni zake.

Zawadi ya namna hii ina faida pande zote. Dereva anajua mipaka yake mahali pasipo na watoto wanaovuka barabara. Kampuni nayo inapunguza habari za magari yake kugonga miti wiki ya kwanza. Tena, elimu haiwezi kunyang'anywa. Hata gari likiuzwa kesho, aliyejifunza kufunga breki vizuri anaondoka na ujuzi wake.

Bowling Green: nyumba iliyojengwa na wenye magari

Kuna zawadi nyingine isiyohusu mwendo, nayo ni namna ya kupokea gari. Corvette zinatengenezwa Bowling Green, jimbo la Kentucky, tangu mwaka wa 1981. Ng'ambo ya barabara kutoka kiwandani kuna jumba la makumbusho la Corvette, National Corvette Museum, lililofunguliwa mwaka wa 1994. Mnunuzi anaweza kuomba gari lake lisipelekwe kwa muuzaji wa mji wake, bali limngoje ndani ya jumba hilo. Analipa kiasi cha pembeni, na siku ikifika anakuta gari limepangwa ukumbini mbele ya wageni. Mtaalamu anamueleza kila kitufe, wanatembezwa na jamaa yake, na anapewa uanachama wa jumba kwa mwaka mmoja. Kuna wanaosafiri siku nzima kwa ndege ili warudi nyumbani siku mbili au tatu kwa barabara, wakiwa ndani ya gari jipya.

Wengi wanadhani jumba hilo ni la General Motors. Sivyo. Ni shirika lisilotafuta faida, na wazo lake lilitoka kwa wanachama wa National Corvette Restorers Society, chama cha watu wanaotengeneza upya Corvette za zamani. Kiwanda kilikuwa kinatengeneza magari mapya; wenye magari ndio waliotaka mahali pa kutunza historia ya yale yaliyotangulia, tangu zile 300 za kwanza, zote nyeupe, zilizotengenezwa mwaka wa 1953.

Uzito wa jumba hilo kwa watu wake ulionekana tarehe 12 mwezi wa pili 2014. Alfajiri, kabla ya milango kufunguliwa, ardhi ilididimia chini ya ukumbi mmoja na shimo kubwa likameza magari manane. Hakuna mtu aliyeumia. Sehemu hiyo ya Kentucky imekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji, na mapango yake yanajulikana sana. Magari yote yaliokolewa shimoni. Matatu yakatengenezwa upya. Matano yaliyoharibika kabisa yakaachwa jinsi yalivyo na kuwekwa yaonekane. Wageni hawakukimbia, idadi yao iliongezeka. Mwanachama aliyelipa mchango wake miaka ile alikuwa na sababu ya kusema kwamba jumba lile ni lake pia.

Zawadi inayofunga mkono

Upande wa pili wa hadithi unaanza pale zawadi inapogeuka kuwa ruhusa.

Ferrari ndiyo imefikisha mambo hayo mbali zaidi. Mwaka wa 2024 ilikabidhi magari 13,752 tu duniani kote, na uchache huo ni wa makusudi. Mnunuzi anapata faida za kweli: matengenezo ya kawaida hayalipiwi kwa miaka saba, na ikiwa gari linauzwa ndani ya muda huo, mwenye kulinunua anaendelea kufaidika. Lakini magari ya idadi ndogo hayanunuliwi na kila mwenye pesa. Ile F80 iliyotangazwa mwezi wa kumi 2024 ilipangiwa magari 799 peke yake, kwa bei inayozidi euro milioni 3. Kampuni ndiyo inayochagua nani atauziwa, na inaanza na wateja wake wa zamani, walionunua magari mengine na kuonekana kwenye shughuli zake.

Kuna mahali ambapo jambo hilo linashangaza zaidi. Tangu mwaka wa 2005, kwa gari lililoitwa FXX, Ferrari imekuwa na mpango wa magari ambayo mteja ananunua lakini hawezi kuyaendesha barabarani. Kiwanda kinaweza kuyatunza, kinayapeleka kwenye uwanja wa mbio, mwenye gari anafika kwa ndege na kuyaendesha siku hiyo, kisha anayaacha. Amelipa bei ya nyumba kadhaa, na takwimu za mwendo wake zinawasaidia mainjinia kutengeneza magari yanayofuata.

Ford nayo ilionja dawa hiyo kwa gari lake la GT. Mwaka wa 2016 iliwataka wanunuzi waandike maombi, sawa vile mtu anavyoomba kazi. Watu 6,506 waliomba. Nafasi zilikuwa 500, na bei ya gari moja ilikuwa karibu dola laki nne na nusu. Waliochaguliwa walitia sahihi kwamba hawataliuza kwa miezi 24. Mmoja wao alikuwa John Cena, mwanamieleka na mchezaji wa filamu anayejulikana hata kwa vijana wengi wa Goma na Bukavu. Aliliuza mapema, na mwezi wa 11 mwaka wa 2017 Ford ikamshitaki mahakamani. Mwaka uliofuata pande mbili zilipatana, Cena akaomba radhi, na pesa za mapatano zikapelekwa kwa kazi za msaada.

Porsche ilitafuta njia ya kisheria iliyo laini zaidi. Mwaka wa 2023 ilipotoa 911 S/T, magari 1,963 tu, mteja wa Marekani hakuuziwa mara moja. Alitakiwa kwanza kulikodi kwa mwaka mmoja, ndipo alinunue. Kwa kuwa gari lilikuwa bado si lake, hakuwa na namna ya kuliuza.

Makampuni yana hoja, na hoja yenyewe si ya kupuuzwa. Bila masharti hayo, mchuuzi anajaza fomu, anapokea gari, na wiki inayofuata analiweka sokoni kwa bei mara mbili. Aliyelitaka kweli ili aliendeshe anabaki mlangoni. Yeyote aliyewahi kuona tiketi za mechi kubwa zikiishia mikononi mwa wachuuzi anaelewa. Hata hivyo, jambo moja haliwezi kufichwa. Katika sheria za nchi nyingi, kununua kitu ni kupata haki ya kukitumia, kukipa mtu, au kukiuza. Hapa mnunuzi ameiacha haki ya tatu mlangoni kwa miezi au miaka. Anayekataa sharti hashitakiwi siku zote, lakini jina lake linashuka kwenye orodha, na safari nyingine simu haitapigwa. Adhabu ya namna hiyo haina karatasi, wala haina mahali pa kukata rufaa.

Zawadi inayochungulia

Kifungo kingine hakionekani kwa macho, maana kiko ndani ya kompyuta ya gari.

General Motors ilikuwa na mpango ulioitwa Smart Driver, uliopitia huduma yake ya OnStar. Mteja aliambiwa kwamba utampima udereva wake na kumsaidia kuwa dereva bora. Mwaka wa 2024 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba habari hizo, yaani breki za ghafla, mwendo mkali na saa za usiku, zilikuwa zinauzwa kwa makampuni yanayowapa wenye asiransi taarifa za wateja. Madereva kadhaa waligundua jambo hilo pale bei ya asiransi yao ilipopanda bila kosa wala ajali. General Motors iliufunga mpango huo mwaka uleule.

Mwezi wa kwanza 2025, FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, ilitangaza hatua dhidi ya kampuni hiyo. Ilisema mahali gari lilipo palikuwa panaandikwa hata kila sekunde tatu, na wateja hawakuombwa ruhusa iliyo wazi. Mapatano yaliyofikiwa yanaizuia kampuni kupeleka habari hizo kwa mashirika ya taarifa za wateja kwa miaka 5.

Kwa mwenye gari la kasi, jambo hilo lina makali ya pekee. Anayepelekwa na kampuni yenyewe kwenye uwanja wa mbio kujifunza kufunga breki kwa nguvu, anarudi nyumbani na gari linaloweza kuandika breki zile kama udereva mbaya. Zawadi moja inamfundisha, nyingine inaweza kumshitaki.

Chama ni kitu kingine

Hapo ndipo vyama vya wenye magari vinapopata maana ambayo zawadi za kiwanda hazina.

Chama cha kwanza cha wenye Porsche kilianzishwa mwaka wa 1952 huko Westfalen, magharibi mwa Ujerumani, wakati kampuni yenyewe ilikuwa bado changa. Mwaka wa 1955, karibu na Washington, kikundi kidogo cha wenye Porsche kikiongozwa na Bill Sholar kilianzisha Porsche Club of America. Wakati ule gari hilo lilikuwa kitu kigeni Marekani. Vipuri vilikuwa vigumu kupatikana, mafundi waliolijua walikuwa wachache. Watu walikutana kwa sababu mmoja alijua namna ya kurekebisha kabureta na mwingine alijua duka lenye gaskiti. Leo chama hicho kinahesabu wanachama zaidi ya laki moja, kina jarida lake, Panorama, na mkutano wa kila mwaka unaoitwa Parade tangu mwaka wa 1956. Duniani kote vyama vya Porsche vinavyotambuliwa na kampuni vinapita 600.

Tofauti kubwa iko katika nani anayekubaliwa. Zawadi za kiwanda, isipokuwa chache, ni za mnunuzi wa kwanza. Aliyenunua gari la okazyo la miaka kumi hazipati. Chama kinamfungulia mlango mwenye Porsche ya mwaka huu na mwenye ile ya zamani yenye rangi iliyochakaa, kwa mchango uleule mdogo wa mwaka. Wakifika kwenye uwanja wa mbio siku ya mafunzo, hakuna anayeulizwa bei ya gari lake. Wanaulizwa kama breki zimekaguliwa, kama kofia ya kujikinga iko sawa, kama wamesikiliza maelezo ya asubuhi. Mwalimu, ambaye mara nyingi ni mwanachama anayejitolea bila mshahara, anakaa pembeni ya mgeni na kumwambia apunguze mwendo.

Msomaji wa Bukavu au Uvira hahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Likirimba inafanya kazi kwa sababu waliomo wanajuana, kila mtu anachanga, na zamu ya kila mtu inafika. Hakuna benki inayoweza kukuondoa kwa sababu hukununua kitu chake kipya. Waendesha pikipiki wa miji ya mashariki nao wamejipanga katika vyama vyao kwa sababu ileile: mwenzao akianguka barabarani, wa kwanza kufika ni mwenye pikipiki kama yeye, wala si kiwanda kilichoitengeneza.

Si kwamba vyama hivyo havina ubaya. Vingi vinategemea kibali cha kampuni kutumia jina na alama yake, na kibali hicho kinaweza kuwa kamba. Kiongozi wa chama anayealikwa kiwandani na kuonyeshwa gari kabla ya wengine anaweza kuona vigumu kuandika katika jarida lake kwamba injini fulani ina kasoro. Kuna pia majivuno, yaani mikutano inayogeuka kuwa mashindano ya saa na viatu. Lakini chama kina kitu ambacho duka halina: kura ya wanachama. Kiongozi asiyefaa anaweza kuondolewa.

Mambo ya kukagua kabla ya kutia sahihi

Kutokana na hayo yote, mambo manne yanajitokeza kwa yeyote anayefikiria kununua gari la namna hii, iwe yeye mwenyewe au jamaa aliye ng'ambo.

La kwanza ni muda. Zawadi nyingi zina tarehe ya mwisho, na muuzaji hana haraka ya kuikumbusha. Shule ya udereva inafaa kuandikishwa wiki ileile gari linapopokelewa.

La pili ni asiransi. Mikataba mingi ya kawaida haigusi ajali inayotokea kwenye uwanja wa mbio, hata kama ni siku ya mafunzo bila mashindano. Kwa shughuli hizo kuna asiransi ya siku moja, inayonunuliwa pembeni. Mwaliko ulioandikwa "bure" hausemi nani atalipa gari likigonga ukuta. Garanti ya kiwanda nayo inaweza kukataliwa ikiwa kampuni itaonyesha kwamba gari lilitumiwa kwa mashindano.

La tatu ni haki ya kuuza. Kama mkataba una sharti la miezi kadhaa, mnunuzi aulize nini kinatokea akipoteza kazi, akiugua, au akifariki. Kwa watu wa kawaida gari ni akiba pia, na akiba isiyoguswa wakati wa shida haijawa akiba.

La nne ni habari zinazokusanywa. Katika magari mapya kuna ukurasa wa ruhusa kwenye skrini, na mara nyingi muuzaji anaujaza haraka siku ya kukabidhi ili mteja aondoke na furaha. Ukurasa ule unafaa kusomwa na mwenye gari mwenyewe.

Kutoka Lualaba hadi kwenye chumba cha maonyesho

Kwa Kongo, habari hii ina uzi wa kweli, japo mwembamba. Magari ya kasi yanayotumia umeme, kama Porsche Taycan iliyoanza kuuzwa baada ya kuonyeshwa mwaka wa 2019, yanatumia betri zenye kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika ardhi ya Kongo, hasa majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025, serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Katika mwezi wa kumi ikaanzisha mpango wa viwango: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka, kisha tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027.

Wazo lililo nyuma ya viwango hivyo si geni kwa Ferrari. Mwenye kitu ambacho wengine wanakihitaji anapunguza kinachotoka ili bei isianguke, na anachagua nani apewe. Tofauti ni kwamba Ferrari inadhibiti kiwanda, duka, matengenezo, na hata orodha ya wageni. Kongo inadhibiti lango la kutokea peke yake. Kazi ya kugeuza madini kuwa betri inafanyika mbali. Tena, makampuni yanaweza kujitetea: mwezi wa tisa 2025 Porsche ilitangaza kuchelewesha baadhi ya magari yake mapya ya umeme na kuendeleza yale ya petroli kwa muda mrefu zaidi, na betri zisizo na kobalti zinazidi kuenea katika magari ya bei ndogo.

Katika barabara za Goma, Butembo au Bunia, gari karibu lote linafika likiwa la okazyo. Zawadi za mnunuzi wa kwanza, garanti yake, shule yake na matengenezo yake ya bure viliisha kabla gari halijapanda meli. Linalobaki ni fundi anayelijua, dereva mwenzio aliyewahi kupata hitilafu ileile, na simu ya mtu mwenye kipuri. Kwa maneno mengine, linabaki lile ambalo wenye Porsche wa Washington walikuwa nalo mwaka wa 1955, kabla kiwanda hakijaanza kuwaalika chakula cha jioni. Miji ya mashariki ina wenye gari za aina moja kwa mamia, kila mmoja akihangaika peke yake na fundi wake. Mchango mdogo wa kila mwezi, orodha ya mafundi wanaoaminika na siku moja ya kufundishana breki kwenye uwanja mtupu havihitaji ruhusa ya kampuni yoyote.